Tumruhusu Binti Asomee Udaktari wa Mifugo

Ndugu Waislamu, wazazi wengi wanaoshuka stendi ya Msamvu na watoto wao huwa na chuo kimoja moyoni: Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichofunguliwa mwaka 2005. Hilo ni jema. Lakini binti anayetaka udaktari wa mifugo, fani yake iko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya milima ya Uluguru, miaka mitano. Baadhi yetu humzuia kwa kuwa atagusa mbwa na nguruwe. Je, tumesahau kuwa najisi huoshwa, na kwamba Mtume (s.a.w.) alitueleza habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu? Tuchague chuo kwa elimu inayotafutwa, kisha tumwombee dua. Wabillahi tawfiq.