Mkijua Si Bomu, Mwacheni Aende Zake

Asubuhi ya tarehe 31 Januari 2007, abiria mmoja katika mji wa Boston, Marekani, aliona kitu asichokielewa kimebandikwa chini ya barabara ya juu, karibu na kituo cha treni cha Sullivan Square. Kilikuwa na nyaya, betri na vitaa vidogo. Akatoa taarifa. Polisi wakaja, barabara ikafungwa, treni zikasimamishwa, na kikosi cha kutegua mabomu kikakilipua kitu kile. Mchana vikaonekana vingine vya namna hiyohiyo kwingine mjini. Madaraja yakafungwa, na hata vyombo vya majini vikazuiwa kupita Mto Charles.

Kumbe lilikuwa tangazo. Kampuni ya Turner Broadcasting ilikuwa inanadi katuni yake ya televisheni, na vibao hivyo, vinavyowaka sura ya mmoja wa wahusika wake, vilikuwa vimebandikwa katika miji 10 ya Marekani kwa wiki mbili au tatu. New York, Chicago na Los Angeles watu walivipita wakienda kazini, wala mji haukufungwa.

Ndugu msomaji, naomba tusiwacheke watu wa Boston. Ndege mbili zilizogonga minara ya New York tarehe 11 Septemba 2001 ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa mji wao. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi wa Afrika Mashariki tuliumwa mapema zaidi. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu kwenye balozi za Marekani yaliua zaidi ya watu 200 Nairobi, na wengine Dar es Salaam, asubuhi ya siku ya kazi, wengi wao wakiwa wapita njia na watu waliokuwa ofisini kwao. Baadaye yakaja mashambulizi ya duka la Westgate jijini Nairobi na ya Chuo Kikuu cha Garissa. Kwa hiyo abiria yule alifanya jambo jema, na askari aliyefunga barabara saa ile ya kwanza alikuwa kazini kwake. Mimi nataka waendelee kufanya hivyo.

Ninacholalamikia ni kilichofuata baada ya kila mtu kujua kwamba hakukuwa na bomu. Vijana wawili waliokuwa wamelipwa kubandika vibao walikamatwa, wakashtakiwa kwa kuweka kitu cha kutishia kama bomu. Sheria ya Massachusetts, jimbo ulipo mji wa Boston, inataka ithibitike kwamba mtu alikusudia kuwatia watu hofu, na hawa walikusudia watu watazame katuni. Mashtaka yalifutwa mwezi Mei, baada ya vijana hao kufanya kazi za kujitolea kwa jamii. Kampuni ililipa dola milioni 2, na mkuu wa Cartoon Network, chaneli yake ya katuni, akajiuzulu. Kampuni kulipa naona ni haki. Ilipaswa kuuarifu mji kabla ya kuutundikia nyaya na betri. Lakini kuwafikisha mahakamani vijana wa kubandika matangazo hakukumlinda mtu yeyote. Mji ulikuwa umeshafungwa mbele ya kamera, na aibu ile ilihitaji mtu wa kuibeba.

Miaka minane baadaye, Septemba 2015, mwanafunzi wa miaka 14 katika mji wa Irving, Texas, mtoto wa familia iliyotoka Sudan, alikuja shuleni na saa aliyoiunganisha mwenyewe ndani ya kibweta cha kalamu. Alimwonyesha mwalimu wake wa uhandisi. Kisha saa ikalia katikati ya kipindi cha Kiingereza. Kijana akatolewa shuleni mikononi amefungwa pingu, akasimamishwa masomo siku tatu. Sasa angalia jambo moja: shule haikuondoa wanafunzi madarasani. Kama kuna mtu pale aliyeamini kweli kwamba ni bomu, angewaacha mamia ya watoto wakae kwenye madawati yao? Walijua ni saa. Walimfunga pingu hata hivyo, kwa maelezo kwamba kitu chake kilifanana na bomu. Rais Obama alimkaribisha Ikulu ya Marekani, jambo zuri, lakini familia yake ilihamia Qatar kabla mwaka haujaisha.

Naomba tuyatazame haya kwa macho ya hapa kwetu. Kila siku kuna fundi simu anayefungua begi lake kwenye geti la jengo kubwa au la stendi, na ndani mna betri zilizovimba, nyaya, vitaa na kifaa cha kulehemu. Ndizo zana za riziki yake. Mlinzi akimuuliza, ni sawa. Akimsimamisha pembeni dakika tano mpaka aelewe, bado ni sawa. Lakini akishaelewa, kisha akamshikilia kwa sababu watu wameshakusanyika na wanataka kuona mtu amekamatwa, hapo ulinzi umekwisha na uonevu umeanza. Na fundi huyo, siku atakapoona mzigo wa kutiliwa shaka kweli, atapita kimya. Nani atamlaumu?

Hofu yenyewe pia huua. Aprili 2015, siku chache baada ya Garissa, mlipuko wa hitilafu ya umeme uliwashtua wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kampasi ya Kikuyu wakidhani wamevamiwa. Waliruka kutoka madirishani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 waliumia. Novemba mwaka huohuo, zoezi la usalama katika Chuo Kikuu cha Strathmore lilifanywa kwa milio ya risasi bila watu wote kujulishwa. Mfanyakazi mmoja alipoteza maisha.

Kisa kinachoniumiza kuliko vyote ni cha Tamir Rice, mtoto wa miaka 12 wa Cleveland, Ohio, Novemba 2014. Alikuwa anachezea bastola ya bandia bustanini. Mtu aliyepiga simu polisi alisema kwamba huenda ni ya bandia, akasema pia huenda mwenyewe ni mtoto. Maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Walifika na gari, na ndani ya sekunde mbili mtoto alikuwa amepigwa risasi. Kilichofika ni hofu tupu. Shaka iliachwa njiani.

Ndiyo maana wito wangu unaanza na wewe unayepiga simu 112. Sema ulichokiona: begi jeusi, liko chini ya benchi, limekaa hapo tangu asubuhi, sijamwona mwenyewe. Usiseme kuna bomu. Na kama unadhani huenda ni kitu cha kawaida, liseme hilo nalo. Wewe unayepokea simu, tafadhali fikisha maneno yote, hasa yale yanayopunguza hofu.

Wakuu wa vituo, walimu wakuu, mameneja wa majengo: mkishajua hakuna hatari, mwacheni mtu aende siku ileile, na mzigo wake arudishiwe mkononi. Kama mmeuharibu, mlipeni. Kisha tangazeni kwa sauti ileile mliyotumia kuwaambia watu wakimbie. Kusema "tumekagua, hakuna kitu, tunamwomba radhi ndugu huyu" hakumpunguzii mkuu heshima. Watu humwamini zaidi siku atakapowaambia tena wakimbie.

Na sisi wenye simu mkononi, tuache kusambaza sura ya mshukiwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kama ulishaituma, tuma na habari ya kwamba hana hatia, kwenye makundi yaleyale.

Kwenye kikao kijacho cha mtaa, cha wazazi au cha wafanyabiashara wa stendi, ombeni dakika kumi kwa jambo hili. Kubalianeni nani atapigiwa simu kitu kisichojulikana kikionekana, nani atarudi kuwaambia watu kwamba hatari haikuwapo, na mwenye mzigo atakwenda kwa nani akitaka haki yake. Majina yaandikwe, yabandikwe getini.