Nyasi za Garissa na Deni la Wanakiswahili

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kubishana kuhusu istilahi. Huyu hutetea usanisinuru, yule usanidimwanga, na mjadala hukomea hapo. Ilhali TUKI ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Kwa maoni yangu, tunachokosa si istilahi bali maandishi yanayozitumia.

Tuchukue mfano wa nyasi. Mwaka 1979, Tieszen na wenzake, akiwemo Imbamba, walichapisha utafiti kuhusu nyasi za Kenya kwa kufuata mwinuko wa nchi. Walibaini kuwa katika mbuga za nyanda za chini karibu nyasi zote hutumia usanisinuru wa aina ya C4, ilhali juu ya mita 3,000 hutawala zile za C3. Nyasi za C4 hulimbikiza kabonidioksaidi ndani ya jani kabla ya kuunda sukari. Hivyo hustawi kwenye joto kali kwa maji machache. Baridi ikizidi, faida hiyo hutoweka. Tofauti hii imo katika jeni. Garissa iko chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari. Maji ya Tana huteremka huko kutoka Mlima Kenya, lakini nyasi ya kileleni ikipandwa Garissa haitageuka kuwa ya C4 kwa kuishi jangwani.

Jambo hili si la maabara pekee. Baada ya ukame wa 2020 hadi 2023, mfugaji anayetaka kufufua malisho anahitaji kujua apande mbegu ipi, na kwa nini. Jibu limefungiwa katika majarida ya Kiingereza. Isitoshe, wengi huko hujifunza Kiswahili baada ya Kisomali. Istilahi tupu haitawafaa. Wanahitaji maelezo, nasi tunahitaji kuwasikiliza, kwani wanazijua nyasi zao kwa majina na tabia.

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi ya wanabiolojia. Lakini mwanabiolojia ataandikaje Kiswahili ikiwa sisi hatumwaliki wala hatumhariri? Napendekeza kila toleo la jarida letu liwe na makala moja ya sayansi, iandikwe na mwanafunzi wa Kiswahili pamoja na wa sayansi, kisha isomewe mtu wa nje ya chuo kabla ya kuchapishwa. Asipoielewa, tuiandike upya.