TULIKUWA 11 KWA 10. YULE MTU WA ZIADA ALIKUWA WAPI?

Leo sina somo la matangazo wala la kupiga picha bidhaa. Naongea mpira, halafu tunarudi dukani. Wasiopenda mpira nivumilieni kidogo, kuna hela yangu ilipotelea humu.

Mimi niko Terrat, Arusha. Nina kaduka ka nguo na jezi, ila wateja wengi wananipata WhatsApp na Instagram. Dukani kuna tivii, kwa hiyo siku ya mechi panageuka kijiwe. Wanakuja boda wa pale nje, mangi wa duka la jirani, na mzee mmoja tunamwita Babu. Wakianza kubishana hao, hata mteja aliyekuja kununua anasahau alichofuata.

Ubishi ambao haujaisha mpaka leo ni wa Jumapili ya tarehe 21 Januari 2024. Taifa Stars na Zambia, AFCON ya Ivory Coast, mjini San Pedro. Dakika ya 11 Samatta anamtengea Msuva, bao. Dakika ya 44 Kabwe wa Zambia anakula kadi nyekundu. Yani tunaenda mapumziko tunaongoza 1–0, tuko 11, wao 10. Nchi yetu ilikuwa haijawahi kushinda hata mechi moja ya AFCON, tangu ile ya 1980 kule Nigeria. Dukani watu walikuwa wameshaanza kuimba.

Dakika ya 88 Patson Daka akapiga kichwa. 1–1.

Jumatano tukatoka 0–0 na Congo, tukamaliza mkiani mwa kundi na pointi 2. Sasa piga hesabu. Congo walishika nafasi ya pili wakiwa na pointi 3 tu, wakaenda mpaka nusu fainali. Sisi tungeshinda ile ya Zambia tungekuwa na 4. Ndiyo maana watu hawajasamehe.

Hoja za kijiweni ni tatu. Mangi anasema kocha alipaki basi. Boda anasema vijana hawajitumi, wakiwa klabuni kwao wanakimbia, wakivaa jezi ya taifa wanatembea. Babu anasema bahati, mpira una mambo yake.

Mimi sikubaliani na yeyote kati yao moja kwa moja.

Kwa kocha tuwe waungwana. Hemed Morocco alikabidhiwa timu katikati ya mashindano, siku chache tu kabla ya mechi hiyo, baada ya Adel Amrouche kufungiwa kwa maneno yake kuhusu Morocco. Na kujituma, vijana walijituma. Niliwaona wanakimbia mpaka wanashika viuno.

Ninachokiona mimi ni hiki. Mkiwa 11 kwa 10, mna mtu mmoja wa ziada. Swali ni umemuweka wapi. Siku nne kabla ya hapo, uwanja ule ule, sisi ndiyo tulibaki 10 baada ya Novatus kutolewa dakika ya 70. Morocco walikuwa wanaongoza 1–0. Hawakurudi nyuma kulinda. Walimtumia mtu wao wa ziada kutufuata, na mpaka dakika ya 80 ilikuwa 3–0. Sisi na Zambia tulivyopata nafasi hiyo hiyo, mtu wetu wa ziada naona tulimrudisha nyuma akasimame na wenzake. Watu wengi golini kwetu, wote wanakaba, wote wanatoka jasho, na mpira anao Zambia. Mtu wa ziada asiye na kazi yake ni sawa na hayupo.

Sasa njooni dukani.

Kabla ya AFCON ile nilikopa 600,000 kikoba, nikachukua jezi 40 za Stars kwa 15,000 kila moja. Nilikuwa nauza 25,000. Mpaka Jumapili ile nilikuwa nimeuza 14. Msuva alipofunga, na Zambia wakapewa ile kadi, simu ikaanza kulia mfululizo. Mpaka mapumziko nilikuwa na oda za watu 9, jumla jezi 22. Kati ya hizo, jezi 12 ni za kaka mmoja wa Babati aliyekuwa anawachukulia wenzake wa kijiweni. Alilipa 300,000 yote palepale. Akaniambia, "Dada, muhimu zifike kabla ya Jumatano, tunataka kuvaa siku ya Congo."

Nikasema hapa nimeshinda. Na kwa kuwa nimeshinda, nikamwita na binamu yangu aje kutusaidia mimi na mdogo wangu. Mtu wa ziada huyo.

Usiku ule tulifunga mizigo sisi watatu mpaka saa saba. Wote tuko chumba kimoja, wote tunakunja, wote tunaandika majina. Jumatatu tukaendelea: huyu anajibu meseji, yule anapeleka za Njiro na Sakina na boda, mwingine anarudi kufunga. Hakuna aliyekaa bure hata dakika tano.

Jumatano mchana yule kaka wa Babati akapiga simu. Mzigo wake hajauona. Nikageuka, nikaukuta uko chini ya meza, umefungwa vizuri kabisa, jina limeandikwa kwa maka peni. Mimi nilijua mdogo wangu kaupeleka stendi. Mdogo wangu alijua kaupeleka binamu. Binamu alijua nimeupeleka mimi, maana ni mteja wangu.

Kaka akadai hela yake. Nikamrudishia 300,000. Usiku ule Stars wakatolewa, na wote mnajua jezi ya timu iliyotolewa inauzika vipi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Jezi 24 zilizouzika kwa 25,000 ni 600,000. Mtaji umerudi, sawasawa na nilichokopa. Faida yote imelala kwenye jezi 16 zilizobaki. Riba ya kikoba na hela za boda nikatoa mfukoni. Niliongoza, nikamaliza sare, kama Stars tu. Zile 16 nilizimaliza mwezi wa nane, kwa bei niliyonunulia.

Kilichonibadilisha ni maneno ya mdogo wangu. Nilimfokea, nikamwambia hajitumi. Akaniangalia, akasema, "Dada, nimefunga mizigo mpaka saa saba usiku. Nani aliniambia Babati ni yangu?"

Sikuwa na jibu. Mimi ndiyo kocha wa lile duka. Nilikuwa namlaumu mtu kwa kutokujituma wakati kazi sikumpa. Tangu siku hiyo, nikisikia boda anasema wachezaji hawajitumi, namuuliza kwanza: je, kila mmoja alijua anamkaba nani?

Ninavyofanya sasa, na sijasomea popote, nimeishia kidato cha nne:

1. Kila oda ina mwenyewe mmoja. Naandika jina kwenye boksi lenyewe, siyo la mteja tu, na la anayeupeleka. Ukikuta jina lako, ni wako mpaka mteja aseme umefika.

2. Kazi haijaisha mpaka risiti ya basi ipigwe picha na kutumwa kwa mteja. Kufunga mzigo ni pasi. Bao ni mzigo kufika.

3. Oda zikiwa nyingi, mtu wa ziada simuweki kwenye kufunga. Namuweka mahali ambapo hakuna mtu. Kwangu mara nyingi ni stendi, kwako labda ni kujibu simu. Angalia mzigo unakwama wapi, muweke hapo.

Unayefanya kazi peke yako usiseme hii haikuhusu. Mtu wako wa ziada ni ule muda au ile hela inayobaki siku ukiuza vizuri. Umeiweka wapi? Wengi tukiongoza tunarudi nyuma, tunapiga stori za oda za jana, na za leo hazijibiwi.

Najua mangi atasema AFCON iliyofuata kule Morocco tulipata pointi 2 zile zile na tukaingia 16 bora kwa mara ya kwanza. Ni kweli, na nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Ila pointi 2 hizo hizo zimewahi kukuweka mkiani na zimewahi kukuvusha, kwa hiyo usizijengee duka. Babu akiita hiyo bahati, hapo simbishii.

Na 2027 AFCON inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na sisi Arusha tuna ule uwanja wa Olmoti, hapa hapa jirani. Oda zitakuja nyingi kuliko za usiku ule. Mimi maboksi nimeshaanza kuyaandika majina.

Haya, niambieni kwenye komenti. Mara ya mwisho mzigo wako kupotea au kuchelewa, ulikuwa wa nani kuupeleka? Jibu kwa jina la mtu mmoja. Ukishindwa kumtaja, tatizo umeshaliona.