Kilemba cha Nani?

Kabla halijahamia Kariakoo, neno kilemba lilikuwa na adabu yake. Lilikuwa jina la kitambaa cha kichwani, kisha likawa pia jina la shukrani. Kijana akihitimu kwa fundi wake, fundi alipewa kilemba. Binti akiolewa, mjomba alidai kilemba chake na hakuna aliyeona ajabu. Aliyepewa alikuwa amefanya kitu. Alikuwa amefundisha, au amelea, au amesimama na mtoto wa mwenzake mpaka akawa mtu.

Sasa nenda mtaa wa Kongo, Aggrey au Sikukuu, uliza kilemba ni nini. Utaambiwa ni fedha anayopewa mtu aliye ndani ya fremu ili akupishe, au akukatie kipande. Si kodi, maana kodi utailipa pembeni. Si amana, maana hairudi. Haina risiti. Anayeipokea si mwenye jengo, na mara nyingi mwenye jengo hata hajui kwamba fedha hiyo imepita mlangoni kwake. Ni malipo kwa mtu ambaye sifa yake pekee ni kwamba alifika kabla yako.

Nasema huu ni unyonyaji. Na nasema serikali inaushikia tochi, kwa kumtaka kila kijana awe na anwani ya biashara huku ikifumba macho kuhusu jinsi anwani hizo zinavyouzwa.

Nieleweke. Sisemi kupangisha ulichopangishwa ni dhambi. Mtu mwenye ofisi ya vyumba vitatu anayetumia kimoja, akimpa mwenzake chumba kwa maandishi na mwenye jengo akijua, amefanya jambo la maana. Mji wenye watu wengi na nafasi chache unahitaji kugawana. Ninachokipinga ni upangishaji wa gizani: usio na karatasi, usio na risiti, ambao mtu wa chini kabisa ndiye anayebeba gharama zote na hatari zote.

Tufanye hesabu. Tarakimu ni zangu, za mfano tu, lakini mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo atauelewa mpangilio wake. Mwenye jengo anapangisha fremu kwa shilingi 2,000,000 kwa mwezi. Mpangaji wa kwanza anaingiza meza sita, kila meza 600,000. Hapo anakusanya 3,600,000. Akilipa kodi ya watu, anabaki na 1,600,000 kila mwezi bila kuuza hata soksi. Juu yake kila mwenye meza aliingia kwa kilemba cha milioni tatu, jumla milioni 18. Kisha mmoja wa wenye meza anaona ukuta uko wazi, anamkatia mwingine sehemu ya kutundika nguo kwa 200,000. Huyu wa mwisho, anayetumia ukuta tu, ukipima kwa futi analipa ghali kuliko wote waliomtangulia.

Ukipanda juu kwenye majengo ya ofisi za Posta, mchezo ni uleule, tofauti ni kwamba umevaa tai. Chumba kimoja kinagawanywa kwa jipsamu mpaka kinazaa vyumba vinne, kimoja hakina dirisha. Mlangoni kuna kibao cha kampuni moja, ndani mna kampuni nne, na mita ya LUKU ni moja. Umeme ukikatika, kila mtu anamwangalia mwenzake.

Anayeumia zaidi katika mnyororo huu anaumia kwa sababu ya karatasi. Ukitaka leseni ya biashara unaulizwa biashara yako iko wapi, na uthibitisho wa kawaida ni mkataba wa pango. Lakini mwenye meza hana mkataba. Mpangaji wa kwanza hawezi kumwandikia, kwa kuwa mkataba wake mwenyewe humkataza kupangisha mwingine bila ruhusa ya mwenye jengo. Akiandika, amejifunga. Kwa hiyo mwenye meza anakuwa na eneo na hana anwani. Maafisa wakipita wanamkuta hana leseni, na kosa linahesabiwa kuwa lake.

Dada yangu wa pili aliuza nguo za watoto kwenye meza ya namna hiyo. Alilipa miezi sita kwa mkupuo, kwa simu, kwenda namba iliyosajiliwa kwa jina ambalo hakuwahi kulisikia. Mwezi wa tatu, alfajiri moja, alikuta mlango una kufuli jipya. Mpangaji wa kwanza alikuwa anadaiwa miezi minne na simu yake haipatikani. Mzigo wa watu sita ulikuwa ndani, na Idi ilikuwa wiki mbili mbele.

Walimtafuta mwenye jengo, mzee wa makamo anayekaa Upanga. Dada alimwamkia, akaitikiwa vizuri tu, wakapewa na viti. Akaeleza shida. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Binti yangu, mimi sikujui. Niliyempangisha namjua, na yeye simwoni. Wewe nani kakuweka pale?"

Hakuwa na jibu, kwa sababu kwenye karatasi hakuna aliyemweka. Alichokuwa nacho ni ujumbe wa muamala kwenye simu. Mwisho wake, wale sita walichanga wakalipa sehemu kubwa ya deni la mtu mwingine ili kufuli lifunguliwe. Kodi ileile waliilipa mara mbili. Walipoingia, Idi ilikuwa imeshapita kwa siku nne.

Nimekuwa nikiyafikiria maneno ya yule mzee, sikujui. Hakusema uongo na hakumtukana mtu. Alieleza tu hali ya maelfu ya vijana wanaofanya biashara katikati ya jiji: wanalipa, wanafungua alfajiri na kufunga usiku, lakini hakuna daftari lolote linalowajua.

Kodi ya serikali nayo inashuka ngazi hizohizo. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka anayepanga kwa ajili ya biashara azuie asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mpangishaji. Kwa maana ya sheria, fedha hiyo inatoka mfukoni mwa anayepokea kodi. Mtaani jibu ni moja: "Mimi nataka pesa yangu kamili, hiyo asilimia 10 ni yako." Mwenye jengo anamsukumia mpangaji, mpangaji anaongeza kwenye meza, na mwenye meza, ambaye hatambuliki, ndiye anayelipa kodi ya mapato ya mtu mwingine.

Hatukufika hapa kwa bahati mbaya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa hoja kwamba kuishi kwa pango ni kuishi kwa jasho la mwingine. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha mijini na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana majengo mengi ya katikati ya Dar es Salaam ni mali ya umma mpaka leo. Unaweza kuubishia ule utwaaji ulivyofanyika, na wako waliopoteza jasho lao halali. Lakini angalia kilichofuata. Jengo la umma likipangishwa kwa bei iliyo chini ya bei ya mtaani, ile tofauti haiendi kwa umma. Inakwenda kwa mpangaji wa kwanza anayepangisha wengine. Shirika lenyewe limewahi kuwaonya hadharani wapangaji wa namna hiyo. Tulimwondoa kabaila aliyekuwa na hati, akaja wa pili mwenye funguo tu.

Kisha mwaka 2005 ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ikafutwa. Siililii sana, kupanga bei kwa amri kuna madhara yake. Ninachouliza ni nini kiliwekwa mahali pake. Ugomvi wa pango umebaki kuwa ugomvi wa mkataba kama mwingine wowote, wa kupelekwa mahakamani. Mwambie hilo mtu asiye na mkataba, ambaye mzigo wake umefungiwa na sikukuu inakuja.

Nimeshajibiwa mengi kuhusu jambo hili, na nitayachukua mawili.

La kwanza: hii ni soko huria, hakuna aliyelazimishwa. Soko huria gani ambalo muuzaji hawezi kuandika anachokiuza? Soko linataka bei ionekane na mkataba utekelezeke. Hapa bei inanong'onwa na dalali ambaye analipwa na kila upande, pamoja na hela ya kukuzungusha kuona fremu ambazo nyingine zimeshachukuliwa. Wanasema pia mpangaji wa kwanza anabeba hatari. Kwa dada yangu na wenzake, hatari ilibebwa na wenye meza sita, na aliyepaswa kuibeba alizima simu.

La pili: kizazi chenu kina mitandao, uzeni Instagram, nendeni Kimara au Mbagala. Wanaosema hivi hawajui mzigo unavyotembea. Mteja wa jumla kutoka Lubumbashi au Lusaka, au Mtwara, anashuka na basi usiku, asubuhi anazunguka Kariakoo, jioni anafunga mzigo. Hatapanda daladala kukufuata Mbagala. Na muuzaji wa Instagram naye, ukichunguza, ana sehemu Kariakoo anakochukulia mzigo, au kijimeza cha wateja kujaribu. Mtandao haujaliondoa eneo. Umemwongezea gharama za bando.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kulalamikia kodi na namna zinavyokusanywa. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Mengi waliyoyadai yalikuwa ya haki. Lakini aliyefunga duka siku ile alimfungia pia mwenye meza aliye ndani, bila kumuuliza. Na kwenye orodha ya madai kilemba hakikusikika, kwa sababu anayekipokea na anayedai haki anaweza kuwa mtu mmoja. Wenye fremu wana jumuiya na wana kipaza sauti. Wenye meza wakigoma kesho, nani atajua wamegoma?

Ninachodai si kikubwa. Kwanza, mkataba mdogo wa eneo utambuliwe: ukurasa mmoja, wenye majina matatu, la mwenye jengo, la mpangaji na la anayepangishwa ndani, na serikali ya mtaa iugonge muhuri kama inavyogonga barua za utambulisho kila siku. Kwa ukurasa huo mtu aombe leseni. Pili, mwenye jengo akitaka kufunga mlango kwa deni la mpangaji wake, awape waliomo ndani taarifa na siku za kutoa mali zao. Tatu, kilemba kiandikwe na kitolewe risiti, kilipiwe kodi kama mapato mengine, au kikome. TRA inayomfuatilia muuza vitenge kwa risiti ya EFD haiwezi kushindwa kuona milioni 18 zilizopita kwenye fremu moja. Nne, majengo ya umma yaanze: atakayekutwa ndani akifanya biashara aandikwe yeye, alipe kwa shirika, na mtu wa kati atoke.

Wenye majengo watasema hili litawapunguzia uhuru. Litawapunguzia kitu kimoja tu, uhuru wa kutomjua mtu ambaye fedha zake wanazila.

Na sisi tunaosoma makala kama haya tuna sehemu yetu. Wengi wetu tumehitimu, au tunakaribia, na tumeshahubiriwa kujiajiri mpaka masikio yamechoka. Siku ukipata mtaji na dalali akakupeleka kwenye meza, usilipe kabla hujaonyeshwa mkataba wa kwanza na kumpigia simu mwenye jengo. Usitume fedha kwenye jina usilolijua. Dai ukurasa ule mmoja hata kama watakucheka, na watakucheka, watakuambia wenzako kumi wamesimama nyuma yako na hawaulizi maswali. Basi geuka, waulize hao kumi majina yao na namba zao. Siku kufuli likibadilishwa, ninyi ndio mtakaohitajiana.