Bakteria na Kinga ya Utumbo
Ndani ya utumbo mpana, matrilioni ya bakteria hutenganishwa na seli za kinga kwa ute na safu moja tu ya seli. Nyuzinyuzi za githeri, chakula cha mahindi na maharagwe kilichozoeleka Thika na Ruiru nchini Kenya, huchachushwa na bakteria hao kuwa butireti, asidi inayolisha safu hiyo ya ukuta wa utumbo na kuituliza kinga. Katika kolaitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn maelewano hayo ya bakteria na kinga huvunjika: bakteria husogelea ukuta, seli T za kinga huwavamia hata wasio na madhara, na utumbo wenyewe hujeruhiwa. Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi Uganda, aliuhusisha uhaba wa maradhi mengi ya utumbo Afrika na mlo wenye nyuzinyuzi. Hoja nzito, ingawa uchache wa vipimo nao huficha wagonjwa, kwani kuhara damu hudhaniwa upesi kuwa amiba, na kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na Crohn.