Vipaji vya watoto Kampala: Kambi za likizo humfaa nani?

Shule za Uganda hufungwa mara tatu kwa mwaka, na likizo ndefu kuliko zote ni ile ya Desemba na Januari. Hicho ndicho kipindi ambacho wazazi wenye uwezo jijini Kampala huwatafutia watoto wao hodari mahali pa kwenda: kambi za bweni za hisabati, sayansi, kompyuta, midahalo au sataranji.

Wazo hilo lina historia ndefu ng'ambo. Nchini Marekani, mwanasaikolojia Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alianza mwaka 1971 kuwachunguza watoto wenye uwezo mkubwa wa hisabati. Mwaka 1979 chuo hicho kikaanzisha kituo maalumu cha vijana wenye vipaji, ambako wanafunzi hulala na kusoma kwa wiki kadhaa za kiangazi, kila mmoja kwa kasi yake.

Swali kwa Uganda si iwapo watoto wa aina hiyo wapo. Swali ni nani huwatambua, kwa kipimo gani, na kwa gharama ya nani.

Mlango mmoja mwembamba

Kipimo kinachoaminiwa na wengi ni mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, PLE, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB. Mtahiniwa hufanya masomo manne: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Matokeo bora kabisa ni alama 4, na ya chini kabisa ni 36. Anayepata 4 hufunguliwa milango ya shule kongwe kama Gayaza, Budo na Kisubi. Anayepata zaidi ya hapo kidogo tu huweza kukuta mlango umekwisha kufungwa.

Mtihani huo hupima vyema yale ambayo mtoto amefundishwa. Haupimi sawasawa yale ambayo angeweza kuyafahamu laiti angefundishwa. Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze mwaka 1997, mamilioni ya watoto wameingia madarasani, lakini wengi hukaa katika vyumba vilivyofurika, wakiwa na vitabu vichache na mwalimu mmoja asiyeweza kumfikia kila mwanafunzi. Mtoto wa Kololo na mtoto wa Katwe hujibu karatasi ileile, ilhali hawakuandaliwa kwa namna moja.

Lugha nayo ni kizingiti. Kampala ina familia nyingi zilizotoka mashariki mwa Kongo, ambazo watoto wao huhesabu, hubishana na hutunga hadithi kwa Kiswahili. Julai 2022, baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, masomo manne ya PLE bado hupimwa kwa Kiingereza. Mtoto anayesitasita katika lugha hiyo ni rahisi kudhaniwa kuwa ni mzito wa akili.

Funzo kutoka Katwe

Mfano unaojulikana zaidi haukutoka shuleni. Phiona Mutesi alikulia Katwe, na alikuwa ameacha masomo kwa kukosa karo alipofika kwenye mafunzo ya sataranji ya Robert Katende, mahali ambapo watoto walipewa pia kikombe cha uji. Baadaye aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi za sataranji, na simulizi yake ikatengenezewa filamu mwaka 2016.

Aghalabu kisa hicho husimuliwa kama muujiza. Kikitazamwa kwa makini, kinaeleza jambo la kawaida zaidi: Katende hakudai ripoti ya shule wala ada ya kujiandikisha. Aliwapokea waliokuja, akawafundisha, kisha akaangalia ni nani anayesonga mbele. Kipaji kilionekana baada ya mafunzo, si kabla yake.

Tuisheni kwa jina jingine?

Wizara ya Elimu ya Uganda imekuwa ikipiga marufuku mara kwa mara masomo ya wakati wa likizo, kwa hoja kwamba watoto wanahitaji kupumzika na wazazi wanahitaji kupumua baada ya kulipa karo. Hoja hiyo ina uzito. Kambi inayorudia silabasi na maswali ya mitihani iliyopita ni tuisheni tu, hata ikipewa jina la kupendeza. Kambi ya kukuza kipaji humpa mtoto tatizo ambalo halimo kwenye mtihani, na humwachia muda wa kukosea.

Usalama pia hauwezi kupuuzwa. Oktoba 2022, moto katika bweni la shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono, uliua watu 11. Mzazi anayemkabidhi mtoto wake kwa majuma kadhaa ana haki ya kuuliza juu ya milango, madirisha na walezi wa usiku kabla ya kuuliza juu ya hisabati.

Njia ambazo zimejaribiwa

Tanzania ina shule za serikali za vipaji maalumu, zikiwemo Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala. Huko umaskini wa mzazi haumzuii mtoto kuchaguliwa, ingawa mlango wenyewe bado ni mtihani wa darasa la saba. Katika wilaya ya Broward, jimbo la Florida, shule ziliamua mwaka 2005 kuwapima watoto wote wa darasa la pili badala ya kungoja wapendekezwe na wazazi au walimu. Idadi ya watoto maskini na weusi waliotambuliwa iliongezeka sana. Bajeti ilipopunguzwa, utaratibu huo ulikatizwa.

Uganda yenyewe imekwisha kukubali kwamba alama peke yake hazitendi haki. Tangu mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Makerere huwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili, na tangu mwaka 2005 sehemu ya ufadhili wa serikali hugawanywa kwa wilaya. Kanuni hiyo, hata hivyo, humfikia kijana akiwa ameshafika mlangoni mwa chuo, wakati wenzake wengi wamekwisha kuachwa njiani.

Mabweni ya shule nyingi hukaa matupu Desemba na Januari. Kuyatumia kwa kambi zisizo na malipo, zenye watoto waliochujwa kutoka shule zote na kwa lugha wanayoimudu, kungegharimu fedha, lakini kusingehitaji kujenga upya. Pasipo hayo, kambi hizo zitaendelea kuwakusanya watoto ambao tayari walikuwa wameonekana.