Mazoezi Yavuke Januari

Kila Januari, alfajiri, barabara za Dar es Salaam hujaa wakimbiaji wapya. Ikifika Machi wengi wao wamerudi kulala. Faida ya mazoezi wanaijua fika. Kilichowaangusha ni namna walivyoanza, na hilo linarekebishika.

Mwaka 1953, daktari Mwingereza Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kwenye usukani zamu nzima, ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikusanya nauli. Basi lilikuwa moja, lakini makondakta waliugua maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliougua, maradhi yaliwaanza wakiwa na umri mkubwa zaidi.

Kondakta yule hakuwa mwanariadha. Kazi ndiyo iliyomlazimisha kujongea kila siku, awe na hamu asiwe nayo. Basi na anayetaka mazoezi yadumu ayape nafasi yake katika ratiba, kama anavyoipa kazi, asingoje mpaka ajisikie.

Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukizigawa kwa siku tano, ni nusu saa kwa siku. Anayeshuka daladala vituo viwili kabla ya kwake, akamalizia safari kwa miguu kwa mwendo wa haraka, amekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni hilo bila kutoa hata shilingi.

Adui mkubwa wa anayeanza ni papara. Leo anakimbia kilomita kumi, kesho hawezi kushuka ngazi kwa maumivu, keshokutwa anaahirisha. Na aangalie wanavyofanya mabingwa! Eliud Kipchoge, aliyekimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, mara nyingi hukimbia taratibu mazoezini huko Kaptagat, Kenya, tena pamoja na wenzake, na huandika mazoezi yake daftarini.

Uvumilivu nao unahitajika. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, wakaona kwamba mazoea hukaa baada ya wastani wa siku 66. Waliona pia kuwa kukosa siku moja hakuharibu kazi. Aliyekosa Jumanne kwa sababu ya mvua hana haja ya kujilaumu, Jumatano aendelee.

Tena asiende peke yake. Katika klabu za joging za mitaani, asiyeonekana Jumamosi hupigiwa simu kuulizwa kulikoni, na simu hiyo humtoa kitandani mtu ambaye saa ya kengele imemshindwa. Kwa hiyo anayetaka kuanza amtafute jirani mmoja leo jioni, wakubaliane saa na mahali pa kukutana, na kesho waanze kwa dakika kumi.